Nanga, Kikoa na Kiboko wa Bamburi

Mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 yalifika pwani ya Kenya yakiwa yamepungua nguvu. Hata hivyo yalimkuta mtoto mmoja wa kiboko amekwama baharini karibu na Malindi, peke yake, bila mama. Wavuvi, wanakijiji na maafisa wa wanyamapori walihangaika naye mpaka wakamnasa kwa nyavu, wakampakia garini na kumpeleka Haller Park, Bamburi, kwenye machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji yaliyopandwa miti tangu miaka ya 1970. Akaitwa Owen. Aliposhushwa alimkimbilia kobe dume wa miaka ipatayo 130 aitwaye Mzee, akajibanza nyuma yake, na hapo akakaa. Picha alizopiga mwanahabari Peter Greste zikazunguka dunia nzima. Baadaye wawili hao wakaandikiwa kitabu, wakafunguliwa pia tovuti yao wenyewe.

Wengi huikumbuka kama hadithi ya urafiki. Kijana wa Kisauni, Mombasa, anayejifunza kutengeneza tovuti angeisoma vingine. Katika mwaka 2005, bila mtu kulipia tangazo, jina la Bamburi lilitajwa kwenye kurasa za magazeti makubwa, za shule na za watoto katika nchi ambazo watu wake hawangeweza kuionyesha Mombasa kwenye ramani. Kila ukurasa uliomwelekeza msomaji kwenye habari za Owen ulikuwa umeweka kiungo, na kiungo ndiyo sarafu ya kazi hii.

Kiungo ni maandishi ambayo ukiyabofya yanakupeleka ukurasa mwingine. Katika lugha ya HTML, ambayo kurasa zote za wavuti huandikwa kwayo, kiungo hufungwa kwa herufi moja tu, a, iliyo mwanzo wa neno la Kiingereza la nanga. Maneno yanayobofywa huitwa maandishi ya nanga. Huko Stanford, Marekani, wanafunzi wawili, Larry Page na Sergey Brin, walianza mwaka 1996 kuvihesabu viungo hivyo kama watu wanavyopima maneno barazani: anayetajwa na wengi ana jambo, lakini akitajwa na mtu mmoja anayeheshimika huwa ametajwa zaidi kuliko akisemwa na wazururaji kumi. Mwaka 1998 wakafungua kampuni, wakaiita Google. Mpaka leo kiungo kutoka gazeti linaloaminika huinua ukurasa kuliko viungo mia vilivyonunuliwa kwa mtu usiyemjua.

Nanga si neno pekee la bahari katika kazi hii. Programu ya kufungulia kurasa inaitwa kivinjari, na kuvinjari ni neno la mabaharia: chombo kinachovinjari huzungukazunguka majini kikipeleleza. Kupakua ndiyo kazi iliyowaleta maelfu ya watu kupanga vyumba Changamwe, Chaani na Magongo, karibu na magati ya bandari ya Kilindini na Kipevu, kabla haijawa kazi ya kushusha wimbo kwenye simu. Walioyachagua maneno haya huenda hawakuwa na Kipevu akilini. Lakini mtu wa Kipevu hahitaji kuelezwa mara mbili.

Waya wenyewe wa kupitishia habari haukuwa mgeni pwani. Mwaka 1890 kampuni ya simu za maandishi ya Kiingereza ililaza kebo baharini kutoka Zanzibar, ambayo tayari ilikuwa imeunganishwa na Aden tangu 1879, hadi Mombasa. Habari iliyokuwa ikisafiri kwa jahazi na msimu wa kaskazi ikawa inafika siku hiyo hiyo. Wakati huo Kisauni habari ya hatari ilipashwa kwa kengele: ilikuwapo Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875, na kengele yao ya tahadhari ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni ambalo makanga wa matatu hulipiga kelele hadi leo.

Kisha karne nzima ikapita.

Wavuti ulizaliwa mbali na pwani. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, alitoa pendekezo lake mwaka 1989, na mwaka 1991 tovuti ya kwanza ikawa wazi kwa watu. Aprili 1993 CERN ikatangaza kuwa yeyote anaweza kuutumia wavuti bila malipo, na tarehe 29 ya mwezi huo huo Kenya ikaandikiwa mkia wake wa anwani, .ke. Wakati huo waliokuwa na intaneti nchini walihesabika. Shirika la posta na simu lilishika njia zote za mawasiliano, na bei zake zilikuwa za kuogofya. Africa Online, iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani, ilianza kuuza intaneti katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 1998 ukafunguliwa mkondo mkuu wa taifa ulioitwa Jambonet.

Ndipo zikaja saiba. Kompyuta nne au sita, feni inayozunguka, saa ya kuhesabu dakika, na mhudumu anayekujulisha kuwa zimebaki tano. Intaneti ilipitia setilaiti iliyo juu kilomita 36,000 hivi, kwa hiyo ombi lako lilipanda angani, likashuka ng'ambo, jibu likapanda tena na kushuka. Nusu sekunde iliishia njiani tu, kabla hata ukurasa haujaanza kuonekana. Mteja alilipia dakika, na picha kubwa ilimla dakika zake. Aliyetengeneza tovuti enzi hizo alijifunza mapema kitu ambacho wa leo hufundishwa kwenye kozi: ukurasa uwe mwepesi. Kasi ya kufunguka ni moja ya mambo ambayo Google huyapima inapopanga majibu, na Google ilipolitangaza hilo kwa mara ya kwanza, mwaka 2010, mtumiaji wa saiba alikuwa keshalijua mfukoni.

Ukurasa wenyewe umeundwaje? Tazama kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. HTML hufanya kazi ya kusema kipi ni kipi: hapa ni kichwa, hapa ni aya, hapa ni picha, hapa ni kiungo. Alama zinazofanya kazi hiyo huitwa lebo. Rangi, upana na mtindo wa herufi ni kazi ya CSS, iliyotoka mwaka 1996, na vitu vinavyojongea na kujibu ukivigusa ni kazi ya JavaScript, iliyoandikwa kwa siku kumi mwaka 1995. Na kama vile mnunuzi wa kanga huuliza jina kabla ya kugusa kitambaa, anayetafuta kwenye Google huona kwanza jina la ukurasa, mstari ule wa buluu, halafu maelezo mafupi chini yake. Tovuti nyingi za biashara ndogo zimeandikwa jina "Karibu" au "Nyumbani" na kuachwa hivyo. Ni sawa na kanga isiyo na jina: huenda mji wake ni mzuri, lakini hakuna atakayeiulizia.

Faili za ukurasa lazima zikae mahali. Mahali hapo ni seva, kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, na kodi ya kukaa humo ni upangishaji. Wanaoanza huchukua upangishaji wa pamoja, ambao mtu aliyekulia nyumba ya Kiswahili ya Likoni anaujua bila kusomeshwa: ukumbi mmoja katikati, vyumba pande mbili, uani choo kimoja na bomba moja. Kodi ni nafuu. Ila jirani akiwa na arusi, nyote mnapanga foleni ya maji.

Seva hutambulika kwa namba, na namba hazikaririki kirahisi. Ndiyo maana kuna kikoa. Anayetuma barua hutaja sanduku la posta na Changamwe 80102 au Likoni 80110, na posta ndiyo inayojua sanduku hilo liko ukuta upi. Mfumo wa majina ya vikoa, uliobuniwa mwaka 1983, hufanya kazi ya posta hiyo: unaandika jina, wenyewe unatafuta namba. Kwa Kenya daftari la majina hayo linashikwa na KENIC, iliyoundwa mwaka 2002. Kampuni hupewa .co.ke, idara za serikali .go.ke, mashirika .or.ke, na tangu 2017 mtu anaweza kuchukua .ke tupu. Neno kikoa lenyewe lina historia tamu. Kula kikoa ni watu kula pamoja kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Jina la kikoa nalo halinunuliwi moja kwa moja, hulipiwa mwaka baada ya mwaka, na zamu yako ikifika usipotoa chakula, mkeka hukunjwa.

Mwaka 2009 mambo yakageuka kwa kishindo. Tarehe 12 Juni Rais Mwai Kibaki alizindua Mombasa kebo ya TEAMS, iliyotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na mwezi uliofuata SEACOM ikawashwa. EASSy ikafuata mwaka 2010, LION2 mwaka 2012. Baadhi ya kebo hizi hutua Nyali, ambayo hadi uchaguzi wa 2013 ilikuwa sehemu ya eneo bunge la Kisauni. Ina maana kwamba sehemu kubwa ya intaneti ya Kenya, na hata ya Uganda na Rwanda, huingia barani kwa kupita chini ya mchanga ambao wachuuzi wa madafu huukanyaga bila habari. Upande wa pili, Miritini, kwenye njia ya Nairobi, likajengwa jumba la kuhifadhia seva. Seva ikiwa Miritini, ukurasa unaofunguliwa Mtongwe hauna haja ya kwenda Ulaya na kurudi. Na Mei 2024, kebo mbili zilipokatika kusini na intaneti ikazorota Kenya na Tanzania, wengi walijua kwa mara ya kwanza kuwa lile "wingu" wanaloambiwa liko juu, liko chini ya bahari.

Tovuti iliyojengwa na kupangishwa bado haijulikani na mtu. Lazima buibui apite. Mombasa neno hili huleta kwanza vazi, kisha mdudu, lakini hapa ni programu inayotoka kiungo hadi kiungo usiku kucha, ikisoma kila ukurasa na kurudi na nakala. Nakala hizo hupangwa katika fahirisi, kama ile iliyo nyuma ya kitabu, ila hii ina mabilioni ya kurasa. Unapotafuta, Google haizunguki duniani papo hapo, hufungua fahirisi yake. Kwa hiyo ukurasa ambao buibui hajaufikia haupo, hata kama umelipiwa na umepambwa. Kumrahisishia njia, mwenye tovuti huweka ramani ya tovuti, orodha ya kurasa zake zote, utaratibu ambao Google iliuanzisha mwaka 2005. Kumzuia asiingie asikotakiwa, huweka faili dogo liitwalo robots.txt, lililopendekezwa tangu 1994. Ni la adabu tu, halina kufuli, kama kile kibao cha "hodi" mlangoni: mwizi hakisomi.

Adabu ilivunjwa mapema. Katika enzi za AltaVista, injini ya kutafutia iliyofunguliwa Desemba 1995, aliyerudia neno mara nyingi alipanda juu, na wajanja wakajaza kurasa kwa neno moja mara mia, kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Msomaji haoni, buibui anaona. Ujanja huu ulikuwa na mababu: kabla ya intaneti, kulikuwa na wafanyabiashara waliojiita A1 au AAA ili watangulie kwenye kitabu cha namba za simu. Mwaka 2009 Google ilisema hadharani kuwa haitazami lebo ya siri ya maneno makuu. Mabadiliko yaliyopewa jina Panda, mwaka 2011, yakaziangusha kurasa zenye maneno mengi yasiyo na kitu, na Penguin, mwaka 2012, ikawafuata walionunua viungo. Bado kuna watu wanaouza "viungo elfu kwa shilingi kadhaa" katika makundi ya WhatsApp. Wanauza samaki wa juzi.

Neno kuu, hata hivyo, halikufa. Ni lile neno ambalo mteja ataliandika anapokutafuta, si lile unalopenda kujiita. Na hapa Mombasa ina kesi ya zamani kuliko kompyuta. Johann Ludwig Krapf alifika mwaka 1844, akajifunza Kimvita, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Lakini mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwenyeji aliandaa ukumbi, mgeni akapewa kiti. Nyumbani na mitaani watu waliendelea kusema lao, na tofauti hiyo sasa inajitokeza kwenye kisanduku cha kutafutia. Mpishi wa Bakarani anayeuza mahamri na mbaazi akiandika "maandazi" kwa kuwa ndivyo vitabu vinavyosema, atamkosa jirani anayetafuta mahamri, na huyo jirani naye huenda akaandika "mahamuri". Dalali wa Kiembeni akiandika "nyumba ya kupangisha" ataeleweka Dar es Salaam, ilhali majirani zake wanatafuta ya kukodisha, au huandika tu "bedsita" kama wasemavyo. Kazi ya neno kuu ni kusikiliza. Mtengenezaji mzuri huenda kwanza Kongowea kusikia wateja wanaitaje bidhaa, ndipo afungue kompyuta.

Majina ya mahali nayo yana mitego yake. Mikindani ya Mombasa, mtaa uliokuwa chini ya Changamwe kabla ya Jomvu kujitenga na kuwa eneo bunge mwaka 2013, ina ndugu mkubwa huko Mtwara, Tanzania: mji wa kale ambako David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Mwenye nyumba ya wageni ya Mikindani akiandika jina hilo peke yake, anapigania nafasi na mji wenye historia, magofu na watalii. Bombolulu ya Mombasa, inayojulikana kwa karakana za watu wenye ulemavu zilizoanza mwaka 1969, ina mwenzake ndani ya Kibera, Nairobi. Mitaa iitwayo Majengo haihesabiki. Tiba ni rahisi ila hupuuzwa: jina la biashara, mtaa na namba ya simu viandikwe sawasawa kila mahali, kwenye tovuti, kwenye ramani ya Google, kwenye bango la barabarani. Ukiandika "Magongo" hapa na "Changamwe karibu na Airport" pale, mashine huona maduka mawili, yote madogo.

Changamwe inao mfano wa jina lililojua kujitafutia nafasi mapema. Ushirika wa wachongaji wa Akamba Handicraft uliundwa mwaka 1963, na vinyago vyake vikawa vikienda Ulaya na Marekani kwa barua, katalogi na maagizo ya maduka. Jina linasema ni kina nani na wanafanya nini. Mtaalamu wa SEO, yaani kazi ya kuinua tovuti kwenye majibu ya Google, angetoza pesa nyingi kupendekeza jina la namna hiyo. Na huwa hivi kwa mafundi wengi: yule aliyejiita "Fundi Jiko Likoni" hupatikana haraka kuliko mwenzake aliyechagua jina la Kiingereza lenye maneno mawili ya fahari.

Saiba zilitarajiwa kufa simu zilipojaa. Hazikufa, zilibadilisha kazi. Tangu eCitizen ilipoanza mwaka 2014, na kodi kuhamia mtandaoni, saiba ya Mlaleo au ya Shika Adabu imekuwa ofisi ndogo ya serikali: vyeti vya tabia njema, namba za kodi, fomu za vyuo, kuchapa na kulaminisha. Pembeni, kijana yule yule hutengeneza tovuti, mara nyingi kwa WordPress, programu ya bure iliyotoka mwaka 2003 ambayo humwezesha mtu kuweka kurasa bila kuandika HTML kwa mkono. Wateja wake husoma kwa simu. Aprili 2015 Google ilianza kuzipendelea kurasa zinazosomeka vizuri kwenye kioo kidogo, na tangu hapo tovuti inayomlazimu mtu avute kwa vidole viwili imejifungia mlango.

Mwaka 2011 Google yenyewe iliendesha mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya tovuti bila malipo. Kupewa kulikuwa rahisi. Kulikokuwa kugumu ni kulea: kubadilisha bei, kujibu ujumbe, kulipia kikoa mwaka wa pili. Tovuti isiyolipiwa huzimika, na viungo vyote vilivyoielekea hubaki vikining'inia. Anayevibofya huambiwa tovuti haipatikani, au, kama seva ingali hai lakini ukurasa umeondolewa, huona namba 404, maana yake ukurasa haupatikani. Viungo vingi duniani vya mwaka 2005, mwaka ule wa kiboko na kobe, sasa hujibu hivyo.

Anayehama kwa heshima huacha elekezo la kudumu, namba 301, ambalo humpeleka mgeni kwenye anwani mpya bila yeye kujua kwamba amepelekwa, na hubeba pamoja naye sehemu kubwa ya sifa ambayo anwani ya zamani ilikuwa imejichumia. Wenye maduka ya Likoni wamekuwa wakifanya hivyo kwa chaki tangu zamani: kibao kwenye mlango uliofungwa, mshale, na maneno "Tumehamia Ujamaa, mkabala na msikiti".